Kabati la Zana Lenye Meza ya Kukunja kwa Shule Isiyo na Karakana

Makala haya yamekusudiwa walimu watarajiwa watakaopangiwa kazi katika shule za msingi za mikoa ya Shinyanga na Geita, na hasa katika shule ambazo hazina karakana. Tunataka kueleza jinsi ya kutengeneza kabati la kuhifadhia zana za mkono ambalo mlango wake, ukiteremshwa, huwa meza ya kufanyia kazi. Si kazi ngumu kwa mtu anayejua kushika randa na msumeno, wala haihitaji umeme. Lakini ina mahali pawili au patatu penye hatari kwa watoto, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Kwanza tuseme kwa nini tunalitaka kabati la namna hii, kwani mwalimu asiyejua sababu ya kitu hukitengeneza vibaya. Tunapowatembelea wanachuo katika mafunzo ya vitendo, aghalabu tunazikuta zana za shule ofisini kwa mwalimu mkuu, ndani ya sanduku au gunia, nyuma ya mafaili. Zimehifadhika, hilo hatukatai. Hata hivyo kipindi ni dakika 40. Mwalimu aende ofisini, asubiri ufunguo, atafute watoto wa kubeba, azihesabu zana, arudi darasani, atafute pa kuziweka, na kabla ya kengele azihesabu tena na kuzirudisha. Huyo akipata dakika 15 za kufundisha, amejitahidi. Akifanya hivyo mara mbili, mara ya tatu atachora msumeno ubaoni na kuwaambia watoto waunakili. Sisi tunaona kwamba kabati la zana lipimwe kwa siku ngapi katika wiki linafunguliwa, kisha ndipo liulizwe habari ya uimara wa kufuli lake.

Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alizitaka shule ziunganishe masomo na kazi. Jambo hilo limepita katika mikono mingi tangu hapo. Mtaala wa mwaka 2005 uliipa shule ya msingi somo la Stadi za Kazi, na mabadiliko yaliyoanza kutumika Januari 2024 yameweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Mtoto atakayeingia mkondo huo akiwa hajawahi kupima ubao kwa mkono wake ataanza nyuma ya wenzake. Tena, tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016, madarasa yamejaa, na chumba ambacho zamani kingeweza kuachwa kiwe karakana sasa kina watoto ndani yake. Hatuna budi kuitafuta karakana katika ukuta mmoja wa darasa lenyewe.

Kwa walimu watakaokwenda Geita, Kahama na vijiji vingine vya dhahabu, kuna sababu nyingine. Huko mtoto wa darasa la tano huenda akawa anaijua nyundo kuliko mwalimu wake, kwa sababu ameitumia kuponda mawe kwenye mialo ya wachimbaji wadogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkataza mtoto kazi ya hatari, lakini sheria haimfundishi mtoto huyo kwamba nyundo ni chombo cha kutengenezea kitu kinachobaki. Hilo ni letu kulifundisha, na hatuwezi kulifundisha kwa picha.

Habari za mbao

Ukanda huu una historia yake ya miti. Shinyanga ilikatwa misitu yake kwa makusudi wakati wa ukoloni ili kuwaondoa mbung'o, kisha mashamba ya pamba na kuni vikaendeleza ukataji huo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudishia wananchi moyo wa kutunza ngitili, nao ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2002. Lakini miti ya ngitili ni ya malisho, kuni na nguzo. Si mahali pa kwenda kukata mbao za kabati. Katika machimbo nako magogo yanahitajika kushikilia kuta za mashimo, kwa hiyo mti wowote ulionyooka una mnunuzi. Mwalimu asitarajie kupata mbao bure. Na akiletewa za bure, aulize zimetoka wapi.

Swali hilo la mwisho si la adabu tu. Katika maeneo ya dhahabu mbao chakavu huweza kuwa zimetoka kwenye mialo, mahali ambapo dhahabu huoshwa na kukamatishwa kwa zebaki, au kwenye matangi ambamo mchanga wa marudio hulowekwa kwa sianidi. Zebaki hunywewa na nyuzi za mti na kujificha ndani ya nyufa. Mbao hizo zikipigwa randa au msasa darasani, vumbi lake huingia mapafuni mwa watoto. Kataeni mbao za namna hiyo hata zikiwa za mninga. Vivyo hivyo masanduku yaliyobeba baruti au kemikali za mgodi yasiingie shuleni kwa kisingizio chochote.

Mninga na mkora ni mbao bora, lakini bei zake haziko kwenye mfuko wa shule. Tunashauri paini, ile itokayo katika mashamba ya miti kama Sao Hill huko Mufindi, ambayo hupatikana katika maduka ya mbao ya mijini. Mgrevilea pia unafaa. Mkaratusi una nguvu, ila hujipinda ukikauka, na mlango uliojipinda si meza tena. Ikiwa paini imetiwa dawa ya kuzuia wadudu, ile yenye rangi ya kijani, itumieni kwa miguu ya kabati tu, wala si kwa uso wa meza. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki. Vipande vyake visitumiwe kupikia uji wa shule. Moshi na majivu yake ni sumu.

Mbao zikishanunuliwa zilazwe darasani juu ya vipande vya miti, zikipishana hewa, kwa muda wa wiki tatu au nne kabla ya kuguswa. Hewa ya Shinyanga wakati wa kiangazi ni kavu mno. Ubao uliopigwa randa ukiwa mbichi mwezi Aprili utakuwa mwembamba zaidi mwezi Agosti, na mlango ulioziba vizuri utaonyesha nyufa ambazo patasi yaweza kupenya.

Kiasi kinachohitajika ni hiki: mbao mbili za inchi moja kwa nane, mbili za inchi moja kwa kumi, tatu za inchi mbili kwa tatu, na mbili za inchi mbili kwa mbili, zote za futi 12, nusu ya plaiwudi moja kwa ajili ya mgongo, bawaba tatu imara za mlango na mbili ndogo za miguu, skrubu za inchi moja na nusu na za inchi mbili na nusu, gundi ya mbao, vitasa viwili vya kuzungusha, komeo na kufuli. Zaidi ya hayo bolti moja yenye nati, vipande viwili vya chuma bapa, na makopo manne.

Hapo hapo pana somo la hesabu, kabla msumeno haujaguswa. Muuza mbao hupima kwa futi na inchi. Kitabu cha mtoto hupima kwa sentimeta. Futi 12 ni sentimeta 366 hivi. Je, ubao mmoja utatoa vipande vingapi vya sentimeta 120? Watoto watajibu vitatu, na kubaki sentimeta sita. Waulizeni tena: msumeno nao hula kiasi gani? Kila mkato hula karibu milimeta tatu. Wakishaiona pumba ya mbao sakafuni wataelewa kwa nini fundi hawezi kuishi kwa hesabu ya daftari peke yake. Jambo la pili ni kwamba ubao unaoitwa wa inchi nane, ukishapigwa randa pande zote, huwa na sentimeta 19 tu au pungufu kidogo. Basi vipimo tutakavyovitaja hapa chini ni vya mwongozo. Ubao ulio mkononi ndio unaosema neno la mwisho.

Umbo la kabati

Kabati lina sehemu tatu: kiunzi cha chini, sanduku la zana, na mlango-meza. Kiunzi kina miguu minne ya mbao za mbili kwa tatu, yenye urefu wa sentimeta 70, iliyounganishwa juu na chini kwa mbao za namna hiyo hiyo. Viungo vya ulimi na tundu ndivyo vinavyofaa, kwa sababu msumari peke yake hulegea kila mtoto anapogonga nyundo juu ya meza. Juu ya kiunzi hukaa sanduku lenye upana wa sentimeta 120, kimo cha sentimeta 78 hivi na kina cha sentimeta 24 au 25, yaani upana wa ule ubao wa inchi kumi. Sakafu ya sanduku, ikiwa na unene wa sentimeta mbili, hufikisha kimo cha sentimeta 72 kutoka chini, na hicho ndicho kitakuwa kimo cha meza.

Tumechagua sentimeta 72 kwa kufikiria mtoto wa darasa la tano au la sita anayefanya kazi akiwa amesimama. Anayekata kwa msumeno au kugonga patasi hutaka meza iliyo chini kidogo ya kiwiko chake, ili uzito wa mwili umsaidie. Mwalimu awapime watoto wake kwanza: kila mmoja asimame wima, akunje mkono, apimwe kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha darasa lipate wastani. Toeni sentimeta 10 hadi 15 katika wastani huo, nanyi mtapata kimo cha meza ya shule yenu. Ikiwa jibu ni 68 au 75, fuateni jibu hilo.

Kabla ya kukaza skrubu za sanduku, hakikisheni kwamba pembe zake ni mraba. Skwea ya fundi ni fupi kwa kitu kikubwa namna hii. Pimeni kutoka pembe hadi pembe inayoielekea, kwa pande zote mbili. Vipimo hivyo vikilingana, sanduku ni mraba. Kwa mlango wenye upana wa 120 na urefu wa 76, kipimo hicho ni sentimeta 142. Mgongo wa plaiwudi ukishapigiliwa hautaruhusu tena sanduku kulala upande, kwa hiyo upigilieni baada ya kupima, wala si kabla.

Mlango-meza

Mlango hutengenezwa kwa vipande vinne vya ule ubao wa inchi nane, kila kimoja sentimeta 120, vikilazwa bega kwa bega. Kingo zake zigundishwe. Nyuma ya vipande hivyo, yaani upande utakaokuwa nje mlango ukifungwa na chini meza ikifunguliwa, huwekwa papi tatu za mbili kwa mbili zinazokata mbao hizo kwa kuzivuka. Papi hizi zisigundishwe. Zifungwe kwa skrubu, na tundu za skrubu katika papi ziwe pana kidogo kuliko skrubu zenyewe. Sababu ni ile ile ya kiangazi: ubao hupungua upana wake lakini urefu hauguswi, ukiufunga kwa gundi kwenye upapi unaovuka, mmoja wa hao wawili atapasuka.

Bawaba tatu huwekwa chini ya mlango. Bapa moja la bawaba hulazwa juu ya sakafu ya sanduku, ukingoni kabisa, na bapa la pili kwenye uso wa ndani wa mlango. Yote mawili yachimbiwe kwa patasi hadi yawe sawa na uso wa ubao. Mlango ukiwa wima bawaba huwa zimekunjwa kwa pembe mraba. Ukiteremka hulala kabisa, na sakafu ya kabati na meza huwa uso mmoja. Mtoto aweza kuisukuma kazi yake hadi ndani ya kabati bila kuiinua. Ni raha ndogo, lakini wanafunzi huipenda.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Bawaba zisiachiwe kubeba meza. Mlango ukiwa umelala, ncha za papi zile tatu hufika mbele ya kiunzi. Papi nyingine ndefu ya mbili kwa mbili ifungwe kwa kuvuka mbele ya kiunzi, chini ya ncha hizo, ili zikae juu yake. Mahali pake pasipimwe kwa rula: teremsheni mlango, ushikiliwe sawasawa kwa pima maji, kisha pigeni alama chini ya papi kwa penseli. Hapo nyundo ikigonga, pigo linakwenda kwenye papi ya kubebea, kisha kwenye miguu, kisha ardhini.

Kwa nini meza iwe na miguu yake

Zipo meza za kukunja zinazoning'inizwa kwa minyororo miwili kutoka kwenye sanduku. Zinapendeza na ni rahisi. Kwa kabati linalosimama sakafuni darasani hazifai, nasi tunaomba kila mwanachuo afanye hesabu hii mwenyewe ili asije akashawishika.

Tuchukue kwamba sanduku, kiunzi na zana vina uzito wa kilo 35 pasipo mlango. Uzito huo uko katikati ya kina cha kabati, kama sentimeta 13 nyuma ya miguu ya mbele. Mlango-meza wenye papi na miguu yake una kilo 15 hivi, na ukilala uzito wake huwa sentimeta 38 mbele ya miguu hiyo. Miguu ya mbele ndiyo egemeo. Upande wa nyuma tuna 35 mara 13, yaani 455. Upande wa mbele tuna 15 mara 38, yaani 570. Kabati litaanguka mbele hata kabla mtoto yeyote hajaigusa meza. Na mtoto akiegemea ukingo kwa kilo 15 tu, kwenye sentimeta 70, ataongeza 1,050 juu ya zile 570. Hapo anayeangukiwa hana pa kukimbilia, kwa maana patasi na misumeno imo katika sanduku linalomjia.

Basi meza iwe na miguu miwili inayofika sakafuni. Kiasi cha sentimeta 10 kutoka ukingo wa mbele wa meza, kati ya papi, fungeni vipande vya mbao vya mbili kwa mbili vilivyo sawa na unene wa papi. Mguu husimama chini ya kipande hicho, na bawaba yake huwekwa upande unaoelekea kabati. Ukiwekwa hivyo, mguu hauwezi kwenda mbele kupita wima, kwa sababu kichwa chake kinagota kwenye kipande cha juu. Na mlango ukifungwa, mguu huning'inia wenyewe, ukilala juu ya papi. Hakuna wa kuukunja. Meza ikiteremshwa nao hujishusha. Kwa vipimo tulivyotaja mguu utakuwa na sentimeta 65 hivi; ukateni 67, kisha mpunguze mahali penyewe, maana sakafu nyingi za madarasa zina mabonde yake.

Mguu huo, ingawa hauendi mbele, bado waweza kupigwa teke ukarudi nyuma. Unganisheni miguu yote miwili kwa upapi unaovuka chini, ili isogee pamoja. Kisha wekeni upapi mwembamba mmoja, ulioshikizwa kwa bolti kwenye upapi unaovuka, na wenye tundu mwisho mwingine. Tundu hilo livishwe kwenye pini iliyo chini ya meza. Pini ifungwe kwa kamba ili isipotee. Mwalimu ajizoeze kuinama na kuiona pini hiyo kwa macho yake kila mara kabla ya kuruhusu mtoto yeyote asogee. Kuuliza tu, "Mmefunga?" hakutoshi, kwani watoto hujibu "Ndiyo, mwalimu" kwa swali lolote.

Kabati pia lifungwe ukutani kwa vipande viwili vya chuma bapa karibu na kilele chake. Ukuta wa tofali za kuchoma zenye udongo katikati haushiki skrubu. Hapo toboeni tundu hadi nje na mpitishe bolti yenye kipande cha chuma upande wa pili, au msimike nguzo sakafuni nyuma ya kabati. Acheni nafasi ya vidole viwili kati ya kabati na ukuta. Mchwa hupanda ukutani, na njia zao za udongo zionekane kabla hazijafika kwenye plaiwudi. Miguu minne ya kiunzi ikae ndani ya makopo yenye oili chafu kidogo. Makopo yafunikwe kwa bati lililokatwa ili mikono ya watoto isifike, kwa maana oili hiyo ni mbaya kwa ngozi.

Kuhusu kufungua mlango, kumbukeni kwamba kilo 15 zinazoanguka kutoka wima si jambo dogo. Ndiyo maana tumetaka vitasa viwili vya kuzungusha, kimoja kila upande, zaidi ya komeo lenye kufuli. Kikifunguliwa kimoja mlango haudondoki. Watu wawili wasimame pembeni, kulia na kushoto, kila mmoja na kitasa chake, na wauteremshe pamoja. Mbele ya kabati pachorwe mstari sakafuni, mita moja kutoka mlangoni, na hakuna anayeuvuka mpaka meza isimame. Meza hufika sentimeta 76, hivyo mstari huo unaacha nafasi ya kutosha kwa vidole vya miguu vya mtoto mdadisi.

Ndani ya sanduku

Zana zitundikwe, zisirundikwe. Kila zana ilazwe kwenye mgongo wa kabati, ichorwe kwa penseli kuizunguka, na umbo lake lipakwe rangi nyeusi. Msumeno ukikosekana, kivuli chake kitaonekana toka mwisho wa darasa. Hapo mwalimu hahesabu. Anatazama tu, nayo kazi ya dakika kumi inakuwa ya nusu dakika. Misumari ya kutundikia ivishwe vipande vya mpira wa baiskeli. Patasi ziwekwe kwenye upapi wenye matundu, makali yakielekea chini. Randa ilale kwa ubavu kwenye rafu. Jiriwa isifungwe kabisa mezani, kwa sababu mlango hautafungika. Tumieni ndogo inayokazwa ukingoni na kuondolewa. Mabaki ya mbao za moja kwa nane na moja kwa kumi yatatosha rafu mbili na kisanduku cha misumari.

Chombo chochote kisichozidi kina cha kabati kiruhusiwe. Kinachochomoza mbele kitausukuma mlango, na mlango unaosukumwa kutoka ndani ndio unaoanguka kitasa kinapofunguliwa.

Kulitumia katika darasa kubwa

Meza hii inatosha watoto sita, wakisimama pande tatu. Darasa la watoto 90 litafanya nini? Tunapendekeza vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, vigawanywe katika zamu nne za dakika 20. Kwa njia hiyo watoto 24 watapata meza siku hiyo, na darasa zima litakuwa limepita katika wiki ya nne. Wengine wasikae kutazama. Wapo wa kupima na kuchora kazi yao daftarini, wapo wa kupiga msasa nje kivulini, wapo wa kukagua kwa skwea kazi ya kundi lililotangulia na kuandika kasoro walizoziona. Kundi hili la wakaguzi ndilo linalojifunza zaidi, ingawa wenyewe hudhani wamenyimwa zamu.

Wasichana wapewe zamu zao sawasawa, nao washike msumeno wenyewe. Tumeona makundi ambamo msichana hupewa kazi ya kushikilia ubao na kufagia pumba tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Mwalimu akiwaacha wajigawie kazi, ndivyo itakavyokuwa. Aandike majina na kazi katika orodha, na azizungushe.

Wale watoto waliozoea nyundo za machimboni wapewe kazi ya kuwaonyesha wenzao jinsi ya kushika mpini, lakini wafundishwe upya pigo lenyewe. Anayeponda jiwe hupiga kwa bega na kwa nguvu zote; anayepigilia msumari huanza kwa kiwiko, taratibu, mpaka msumari usimame. Mwalimu asiwaulize mbele ya darasa walijifunzia wapi. Akipata shaka kwamba mtoto anakwenda machimboni siku za shule, azungumze naye faraghani, kisha na mzazi au mlezi wake, na amwarifu mwalimu mkuu.

Ufunguo wa kufuli uwe na nakala mbili. Moja ikae kwa mwalimu wa somo, ya pili kwa mwalimu wa zamu, na jina la aliyeichukua liandikwe daftarini pamoja na saa. Isikae ofisini kwa mwalimu mkuu kwenye msumari mmoja na funguo za stoo, maana siku atakapokuwa mjini kwa mkutano, watoto watarudi kuchora msumeno ubaoni. Kila mwisho wa muhula skrubu zote za bawaba zikazwe, na ile papi ya kubebea igongwe kwa kiganja ili kusikia kama imelegea.